Tunawakumbuka Wazazi Wetu wa Mwanjelwa: Hawakutuhesabu kwa Pande

(Maneno yaliyosemwa kwa niaba ya watoto saba wa familia moja, katika kikao cha kamati za parokia na wafadhili, Mwanjelwa, Mbeya)



Tumeombwa kusema machache juu ya marehemu baba na mama yetu. Sisi tuko saba. Watatu tulikuja na baba, ambaye mke wake wa kwanza alifariki. Wawili tulikuja na mama, aliyekuwa mjane. Mmoja ni mtoto wa kaka yake mama, aliyeletwa likizo ya wiki mbili akakaa mpaka alipooa. Wa mwisho walimzaa wao wawili. Mwalimu alipoita majina shuleni, nyumba yetu moja ilikuwa na majina matatu ya ukoo.

Baba alikuwa Mnyakyusa wa Rungwe, fundi seremala. Mama alikuwa Mbena wa Njombe, na aliuza mchele katika soko la Mwanjelwa. Asubuhi baba alitusalimu "ugonile", mama "kamwene", nasi tulijifunza kuitikia zote mbili.

Walioana katika miaka ambayo mkoa wetu ulikuwa unazika sana. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2003-04 ulionyesha kuwa Mbeya iliongoza kwa maambukizi ya VVU Tanzania Bara, zaidi ya watu wazima 13 katika kila 100. Mpango wa serikali wa kutoa dawa za kufubaza virusi bila malipo ulianza mwaka 2004, na wengi walikuwa wameshatutoka. Nyumba nyingi zilibaki na mzazi mmoja, nyingine na bibi tu. Kwa hiyo familia kama yetu haikuwa ajabu hapa Mwanjelwa.

Hatutasema kwamba ilikuwa rahisi. Mmoja wetu wa upande wa baba alikataa chakula cha mama, akawa anakula kwa jirani karibu mwezi mzima. Mama hakumgombeza. Kila jioni alimwekea sahani yake, akaifunika, akaiacha mezani. Siku moja mtoto akaifunua, akala. Hakuna aliyesema neno, na tangu siku hiyo hakula tena kwa jirani.

Nyumbani neno "wa kambo" lilikuwa marufuku. Zamu za kuteka maji, kupika na kufagia zilifuata umri, si upande uliotoka.

Mwaka 2006 soko la Mwanjelwa liliungua. Mama alipoteza magunia yote, na baadhi alikuwa bado anadaiwa. Ndugu wakakaa kikao, wakashauri kila upande uchukue watoto wake mpaka hali itengemae. Walisema kwa nia njema. Baba akawajibu, "Anayetaka kuchukua mmoja, atuchukue wote tisa." Kikao kikaishia hapo, lakini gharama ilibaki. Mmoja wetu aliyefaulu alichelewa kuanza sekondari kwa mwaka mzima, na alikuwa mtoto wa baba wa kumzaa. Ada iliyopatikana kwanza ilikuwa ya aliyekuwa anakaribia mtihani wa kidato cha nne, mtoto wa mama. Mama alianza upya katika soko la Sido, nalo likaungua mwaka 2011. Akaanza tena.

Tunaomba radhi kwa jambo linalofuata, maana linatuhusu sisi tunaopokea na ninyi mnaotoa. Mwaka mmoja shirika fulani lilileta sare na viatu kwa ajili ya yatima. Watano kati yetu tuliandikwa, kwa kuwa kila mmoja alikuwa amefiwa na mzazi. Wawili hawakuandikwa: binamu yetu, ambaye wazazi wake walikuwa hai ingawa hawakuwa na uwezo, na mdogo wetu wa mwisho. Jioni hiyo viatu vitano vipya vilipangwa mlangoni. Mdogo wetu akamwuliza mama, "Mimi nitakuwa yatima lini?"

Mama alilia. Kesho yake yeye na baba walikwenda kwa kamati. Hawakurudisha sare wala kulaumu mtu. Waliomba tu kwamba safari nyingine waulizwe ni watoto wangapi wanaokula nyumbani kwao, siyo wangapi wamefiwa. Muhula uliofuata kamati ilileta madaftari kidogo kidogo kwa wote saba. Yalikuwa na thamani ndogo kuliko viatu, lakini usiku ule hakuna aliyeuliza swali.

Baba alitangulia. Wakati wa msiba, baba yetu mdogo alipowatambulisha watoto wa marehemu, aliita wanne. Watatu tulibaki tumekaa. Tuliogopa, si kwa ajili ya mali tu. Tulidhani labda kila kitu kilikuwa cha baba akiwa hai, na sasa tumerudi kuwa wageni.

Kumbe baba alikuwa ameandika wosia miaka mingi kabla. Kwa sheria ya mila iliyotangazwa na serikali kwa Tangazo Na. 436 la mwaka 1963, anayejua kusoma na kuandika huhitaji mashahidi wasiopungua wawili, mmoja wa ukoo na mmoja mtu baki, pamoja na mke wake. Asiyejua kusoma huhitaji wanne, wawili wa ukoo na wawili watu baki. Mama, ambaye hakujua kusoma, aliweka dole gumba. Shahidi wa ukoo alikuwa ni yule yule baba mdogo. Aliposomewa sahihi yake mwenyewe mbele ya watu, alisimama, akatuomba msamaha, akatuita upya: saba, kwa kufuata umri. Mama abaki katika nyumba maisha yake yote, kisha iwe ya wote. Tulikwenda naye Mahakama ya Mwanzo kuomba msimamizi wa mirathi, na hakuna aliyepinga. Mama alimfuata baba kabla mwaka haujaisha.

Ndugu zetu, upendo wao ulikuwa mkubwa, lakini upendo peke yake usingetulinda siku ile. Kulelewa tu hakumpi mtoto fungu katika mirathi ya mzazi wa kambo. Anatakiwa kuasiliwa kisheria, au kuandikwa katika wosia. Wazazi wetu walipenda, na walichokipenda wakakiandika. Kwa hiyo tunaziomba kamati mambo matatu:

1. Mnapoorodhesha wahitaji, hesabuni nyumba nzima. Msaada unaomchagua mtoto mmoja mezani unaweza kuwatenga wenzake.

2. Wakumbusheni wanandoa, hasa waliooana baada ya kufiwa, waandike wosia wakiwa wazima. Wanaweza kuuhifadhi RITA, taasisi ya serikali inayosajili pia vizazi na vifo.

3. Hakikisheni kila mtoto ana cheti cha kuzaliwa, hata yule aliyekuja "likizo" na hakurudi.

Nanyi wafadhili, tunawashukuru kwa viatu na kwa madaftari. Tunaomba mkubali orodha inayosema "nyumba ya watu tisa" hata kama haina neno yatima ndani yake.

Ile meza aliyoichonga baba bado ipo. Tukikutana Krismasi haitutoshi tena, kwa sababu wajukuu wamekuwa wengi. Wajukuu hao hawajui ni nani alikuja na nani, nasi hatujaona sababu ya kuwaambia.

Mungu awapumzishe wazazi wetu kwa amani.