Kifua kikuu cha mtoto huanzia kwa mtu mzima



Karibu na Sanya Juu, katika miteremko ya Kilimanjaro, ipo Hospitali ya Kibong'oto. Ilianzishwa mwaka 1926 kwa ajili ya wagonjwa wa kifua kikuu, na tangu mwaka 2009 huwatibu pia wale ambao ugonjwa wao umekuwa sugu kwa dawa za kawaida. Hata hivyo, kazi ya hospitali huharibika pale jamii inapomwogopa mgonjwa badala ya kuuelewa ugonjwa.

Tumtazame mtoto. Mtu mzima hutoa makohozi, nayo hupelekwa maabara. Mtoto mdogo huyameza, tena vimelea alivyo navyo ni vichache. Kwa hiyo kipimo kisipoonyesha kitu, hilo si ushahidi kwamba mtoto ni mzima. Ndiyo maana waganga huvuta majimaji ya tumboni kwa mrija kabla mtoto hajala asubuhi, na siku hizi hupima hata choo chake kikubwa. Zaidi ya hayo huuliza: je, nyumbani kuna nani anayekohoa?

Swali hilo ndilo kiini cha jambo. Mtoto mdogo ni nadra kumwambukiza mwenzake. Kwa kawaida yeye ndiye aliyeambukizwa na mkubwa wake. Kumfukuza darasani ni kumwadhibu aliyeonewa na kumwacha mwenye ugonjwa akiendelea kuueneza.

Kuhusu kutengwa hospitalini, ieleweke kwamba ugonjwa huu husafiri kwa hewa. Hauenezwi kwa sahani, nguo wala kupeana mikono. Kwa sababu hiyo madirisha ya wodi huachwa wazi, mgonjwa huvaa barakoa, na mhudumu huvaa ile maalumu inayobana uso. Mgonjwa anayetumia dawa zinazomfaa hupungua kuambukiza kwa haraka. Hivyo kutengwa si hukumu ya maisha.

Wajibu uko wazi. Mwalimu akiona mwanafunzi anakohoa kwa wiki mbili, anakonda, ana homa au ameacha kucheza, awashauri wazazi wampeleke kituo cha afya pamoja na watu wote wa nyumbani. Mtumishi naye awaeleze wananchi kwamba matibabu hayo hutolewa bure katika vituo vya serikali, na kwamba dawa humalizwa hata kikohozi kikiisha. Mtoto hawezi kujisemea. Wenye elimu wamsemee.