Mzazi si mfuko wa franga: masomo, telefone na watoto wetu

Jumamosi kwa Butembo ni siku ya soko na siku ya shamba, tunajua. Hatutawachelewesha.

Mwezi uliopita mama mumoja wa avenue yetu alikuja kutuomba tumusomee ujumbe. Telefone haikuwa yake, alikuwa ameiomba kwa jirani. Mwalimu wa mtoto wake, wa mwaka wa tano primeri, anaandikaka kazi ya nyumbani ubaoni, anapiga picha, anaituma kwa grupu ya wazazi ya WhatsApp. Basi. Mama yeye iko na ile telefone ndogo ya tochi. Kila jioni anatuma mtoto kwa jirani kuomba kuangalia picha. Siku jirani hana mega, ama amesafiri Kasindi, mtoto anaenda masomo mikono mitupu na anaandikiwa ziro. Mama alituuliza: «Sasa banataka niuzishe mbuzi juu ya devwari?» Sisi tulicheka. Yeye hakucheka.

Tulirudi nyumbani tukiwa na haya. Sisi njo tunasemaka kila siku kwamba teknolojia itafungua nchi hii. Sisi njo tunaandikaka, tunapiga picha, tunarusha. Na hatukuwahi kujiuliza ni nani anabaki mlangoni.

Tuseme kwanza namna tulivyofika hapa. Wakubwa mulio hapa munakumbuka mwanzo wa miaka ya 1990, wakati bado ni Zaïre: mishahara ya walimu ikawa kama hakuna, migomo ikafunga masomo, na wazazi wakakubali kuchanga franga ili mwalimu arudi darasani. Ilisemwa ni ya muda mfupi. Ule muda mfupi ulipita miaka 25. Katiba ya 2006, kwenye article 43, ilisema primeri ya serikali ni ya lazima na ya bure. Sheria ya tarehe 11 mwezi wa 2 mwaka 2014 juu ya elimu ya taifa ikarudilia. Lakini mpaka mwezi wa 9 mwaka 2019 njo serikali ilianza kuitimiza kweli, na hata leo munajua wenyewe bado kuna makaratasi mangapi yanafika nyumbani.

Ndani ya ile miaka yote mzazi alifundishwa kazi moja tu: kulipa. Mtoto akifukuzwa, mzazi anakuja na franga. Mtoto asipofukuzwa, mzazi hakuji. Hakuna aliyemuita kumuuliza mtoto anasoma namna gani, anaogopa nini, anaketi na wangapi kwenye banki moja. Na bure ilipokuja, tulisikia wazazi wakisema: «Sasa ni ya serikali, mimi nimemaliza.» Ni kusema kama mtu hatoi franga, basi hana tena neno ndani ya masomo ya mtoto wake mwenyewe. Hiyo inatuumiza kuliko ile franga.

Kuna komite ya wazazi, ile inaitwaka COPA. Iko kwa kila masomo, na wajumbe wake wanakaa pia kwenye COGES, pale wanapopanga makuta ya masomo. Hatuombi kitu kipya, kiko tayari kwa karatasi. Lakini inueni mkono: nani hapa anajua jina la prezida wa COPA ya masomo ya mtoto wake? (Mikono ilikuwa minne. Tulihesabu.)

Kwa sekondari moja ya hapa mjini, hatutaitaja maana mazungumzo nao bado yanaendelea, wazazi walikuta kwa karatasi ya malipo mustari mupya: «informatique». Kila mtoto, kila trimestre. Tulienda pamoja na wazazi watano kuuliza kompyuta ziko wapi. Zilikuwa moja. Iko kwa biro, wanaandikia interro. Watoto hawajaigusa hata siku moja. Tukauliza nani alikubali huo mustari. Wakatuonyesha, bila kuficha, karatasi ya mkutano yenye sinyatire za komite ya wazazi. Prezida wa komite ni baba muzuri, anasali, tunamujua. Mtoto wake wa mwisho alimaliza miaka mitatu iliyopita. Hakuna aliyemuchagua tena, na hakuna aliyemutoa. Alituambia alitia sinyatire juu walimuambia kila masomo ya kisasa iko na informatique. Sisi hatuko na hasira naye sana. Sisi tuko na hasira na viti vitupu vilivyokuwa mbele yake siku ile.

Neno «ya kisasa» limekuwa mlango wa kupitishia vitu vingi. Kwa hiyo tuulize polepole: ni teknolojia gani inasaidia mtoto wa hapa kujifunza, na ni gani inahamisha gharama kutoka kwa masomo kwenda kwa mama wa soko?

Mwaka 2020, wakati wa korona, masomo yalifungwa kuanzia tarehe 19 mwezi wa 3. Madarasa mengi yalirudi tarehe 12 mwezi wa 10 tu. Miezi karibu saba. Wenye intaneti walipata jukwaa, video, PDF. Wengine walipata nini? Radio. Kulikuwa kipindi cha masomo kwenye Radio Okapi, na mtoto mwenye radio ya mabuye mawili aliweza kuketi na kusikia somo. Haikutosha, mtoto haulizi radio swali. Lakini ilifika hata kwenye kijiji ambako mega haifiki. Kile kilikuwa teknolojia pia, na cha kale. Halafu mwaka ule ule, mwezi wa 9, wakati watoto wengi bado wako nyumbani, wakubwa wa Kinshasa wakaanzisha RAM: dola 7 kwa mwaka kwa telefone ya 3G na 4G, wanakata unite zako pole pole bila kukuomba. Vijana wa nchi nzima walipiga kelele mpaka ikaondolewa mwaka 2022. Nchi inayochimba coltan ya Rubaya na cobalt ya Kolwezi, ambayo bila hiyo telefone hazitengenezwi, ilikuwa inatoza raia wake juu ya kushika telefone wakati masomo yamefungwa! Tuache pale, tutakasirika bure.

Sasa ni zamu yetu sisi vijana, maana si wazazi peke yao wenye makosa. Nani anamupatia mdogo wake telefone ili anyamaze? Ni sisi. Nani anamufundisha kufungua TikTok mbele ya kumufundisha kutafuta neno kwa kamusi? Ni sisi. Yaya mumoja wa grupu yetu alitueleza alivyokuta mdogo wake, mwaka wa sita sekondari, ananakili disertasyo nzima kutoka kwa programu ya akili bandia. Alipomuomba aeleze sentensi ya kwanza tu, mtoto alinyamaza. Mwalimu alikuwa amemupatia 8 kwa 10. Mwalimu alisahihisha mashine. Na kila mwaka, wakati wa examen d'Etat, munajua «majibu» yanayouzishwa kwa WhatsApp usiku, na watoto wanaoliwa franga zao. Kisha tunangojea SMS ya matokeo, tunamwaga pudre kwa kichwa cha mtoto, tunaimba mpaka barabara ya lami. Sisi pia tunapenda ile pudre. Lakini mtoto asiyeweza kuandika barua ya kuomba kazi, pudre itaoshwa kesho yake.

Mama wengi wanatuambia: «Mimi sikusoma, Kifaransa sijui, nitamusaidia mtoto namna gani?» Hapa tusimame kidogo, maana hapa njo kuna nguvu ambayo haituombi mega. Mama anaweza kuomba kaye kila jioni na kuangalia tarehe: kama ya mwisho ni ya wiki iliyopita, kuna kitu. Anaweza kumuambia mtoto: nisomee kwa sauti, halafu nielezee kwa Kiswahili ama kwa Kinande. Mtoto akishindwa kumueleza mama yake, hajaelewa, hata kama alisoma vizuri kama mwandishi wa radio. Mama hakuhitaji kujua Kifaransa ili kusikia mtoto wake anababaika. Na baba anayeuzisha mihogo kwa soko anajua hesabu kuliko sisi wengi hapa. Amuweke mtoto karibu yake siku moja ya kurudisha chenji.

Kwa walimu tunaomba kitu kimoja, na tunakiomba kwa heshima, maana tunajua mishahara inavyochelewa: kazi ya nyumbani iandikwe kwa kaye, darasani, mbele ya kengele. Grupu ya WhatsApp ibaki ya matangazo. Mwalimu mumoja aliyekaa pale nyuma alitujibu kwamba iko na watoto 70, na kunakili ubaoni kunakula saa nzima. Ni kweli. Basi tuongee juu ya hao 70, hiyo ni kazi ya komite na ya serikali, isiwe ni jirani mwenye telefone njo anaitengeneza.

Kwa vijana: yule mama wa mbuzi tulishamaliza shida yake, kwa muda. Vijana watatu wa avenue wanapokea picha za mwalimu saa kumi na moja, wanazinakili kwa karatasi kubwa, wanaibandika kwa mlango wa butike ya kona. Watoto 11 wanakuja na kaye zao. Inatuomba dakika 20. Tunatafuta avenue zingine ambazo ziko tayari kuanza, muandike majina kwa Mama wa sekreteri pale kwenye meza.

Na kwa wazazi wa ile sekondari: mkutano mkuu umeitishwa Jumamosi ijayo, saa tatu ya asubuhi. Mulete resi zote za mustari wa «informatique», hata zile zilizoloana. Tutakuwa pale mlangoni kuanzia saa mbili na nusu.