Jike Mwenye Sura Nyingi: Vipepeo Mkia-Panda wa Tanzania

Kwenye majani ya mlimau, iwe Tanga au Songea, mara nyingi huonekana kitu kidogo cheusi chenye baka jeupe, mfano wa kinyesi cha ndege kilichokauka. Mwenye mlimau hupita bila kukijali, na ndege mla wadudu naye hukiacha. Kumbe ni kiwavi wa Papilio demodocus, yule kipepeo mkubwa mweusi mwenye madoa ya manjano ambaye watoto wengi wa Tanzania wamewahi kumkimbiza uwanjani. Akijivua ngozi mara kadhaa, kiwavi huyo huacha sura ya kinyesi na kuwa wa kijani, mnene, asiyetofautiana sana na jani analolila. Ukimgusa wakati huo, hutokeza nyuma ya kichwa kiungo laini chenye panda mbili na kutoa harufu kali inayowakera sisimizi na wadudu wengine wanaomwinda. Dakika moja baadaye kiungo kimesharudi ndani na kiwavi anaendelea kula.

Wakulima wa michungwa wa Muheza wanamjua vizuri, maana kitaluni viwavi wachache tu wanaweza kuuacha mche bila majani. Lakini kiungo hicho chenye panda ndicho kitambulisho cha ukoo wake. Kila kiwavi wa familia ya Papilionidae anacho. Mkia wa mbayuwayu, ambao ndio uliowapa vipepeo hawa jina katika lugha nyingi, si kigezo cha kutegemewa: demodocus mwenyewe hana mkia hata kidogo.

Duniani familia hii ina spishi zaidi ya 550. Tanzania inao wa pwani, wa miombo, wa misitu ya milimani, na wa bustani za watu. Ni rahisi kuandika orodha ya majina na kuishia hapo, na mara nyingi ndivyo inavyofanyika. Orodha, hata hivyo, huficha jambo kubwa. Aina za vipepeo hawa zimepangwa nchini na vitu viwili, mimea wanayoila viwavi na milima iliyotengana. Na ndani ya spishi moja tu unaweza kukuta tofauti nyingi kuliko zilizopo kati ya spishi na spishi. Anayehesabu majina peke yake atakuwa ameuona nusu ya utajiri.

Tuanze na chakula. Viwavi wengi wa jenasi ya Papilio nchini hula mimea ya ukoo wa mchungwa. Mchungwa na mlimau ni wageni waliokuja na watu. Kabla yao kulikuwa na miti na vichaka vya ukoo huohuo msituni, na spishi nyingi zimebaki hukohuko, hazikuhamia bustanini kama demodocus. Jenasi ya Graphium, wale wenye mbawa nyembamba, na baadhi yao mikia mirefu iliyochongoka, imechagua ukoo mwingine: wa mtopetope, mstafeli na mlangilangi. Graphium kirbyi, mwenye mstari mweupe unaokata mbawa nyeusi, ni wa misitu ya pwani ya Kenya na Tanzania. Msitu huo ukifyekwa, mmea wa kiwavi huondoka, na kipepeo hana pa kuhamia. Anayetaka kuwaona Graphium kwa wingi asihangaike na maua. Aende kwenye mchanga wenye unyevunyevu kando ya kijito wakati wa jua kali. Madume hukusanyika hapo kwa makumi na kunyonya maji yenye chumvichumvi ambayo hawaipati kwenye maua.

Milimani mambo hubadilika. Misitu ya Usambara, Uluguru, Udzungwa na mingineyo ya Tao la Mashariki imenyeshewa na mvua za Bahari ya Hindi kwa mamilioni ya miaka, huku nyika kavu ikiitenga milima hiyo kama bahari inavyovitenga visiwa. Usambara ni makazi ya Papilio hornimani, mweusi mwenye utepe wa buluu, aliyepewa jina la Frederick Horniman, mfanyabiashara wa chai wa Uingereza aliyeanzisha jumba la makumbusho jijini London. Milima ya kusini inaye Papilio fuelleborni, ambaye jina lake linatokana na Friedrich Fülleborn, daktari Mjerumani wa enzi za ukoloni. Ufipa, mkoani Rukwa, ina Papilio ufipa, aliyeelezwa kisayansi mwaka 1961 tu.

Papilio sjoestedti anastahili kuangaliwa zaidi. Alielezwa mwaka 1908 kutokana na msafara wa Msweden Yngve Sjöstedt wa miaka ya 1905 na 1906, na makazi yake ni Meru, Ngorongoro na Kilimanjaro. Hii ni milima ya volkano, michanga mno ukiilinganisha na Usambara. Hata hivyo, wa Kilimanjaro ameshatofautiana na wenzake kiasi cha kuhesabiwa nususpishi ya peke yake, ingawa ukisimama Meru asubuhi isiyo na mawingu, Kilimanjaro unaiona kwa macho. Kwa kipepeo wa msitu wa baridi, bonde la joto lililo katikati ni mpaka kamili.

Ila anayestaajabisha kupita wote ni Papilio dardanus. Dume lake halina utata: rangi ya maziwa inayoelekea manjano, mapambo meusi, mkia mzuri. Jike ndilo lililowasumbua wataalamu. Tanzania, kama sehemu kubwa ya bara, jike hana mkia na hafanani na dume hata chembe. Na majike wenyewe hawafanani. Mmoja ni mweusi na mweupe, mwingine ana rangi ya machungwa yenye ncha nyeusi, wa tatu ni mweusi mwenye vidoa, na wote wanaweza kupatikana katika msitu mmoja, hata wakawa watoto wa mama mmoja. Zamani makumbusho za Ulaya ziliwaandika kama spishi tofauti, hadi Roland Trimen, aliyefanya kazi Afrika Kusini, alipotoa hoja mwaka 1869 kwamba wote ni wake wa dume mmoja. Wapo waliombishia vikali.

Sababu ya sura hizo iko mbele ya macho ya kila ndege. Maumbo mengi ya jike ni mwigo wa vipepeo wengine wenye sumu. Yule wa rangi ya machungwa anamwiga Danaus chrysippus, ambaye kiwavi wake hula mimea yenye utomvu mweupe na kuihifadhi sumu yake mwilini. Yule mweusi na mweupe anamwiga Amauris niavius. Ndege aliyewahi kumtapika mwenye sumu hamgusi tena, wala hamgusi anayefanana naye. Lakini hila hii ina kikomo: waigaji wakizidi, ndege wataanza kukutana na watamu wengi kuliko wachungu na kuacha kuogopa. Kwa hiyo sura iliyo adimu hupata nafuu, na sura kadhaa huendelea kuwepo pamoja. Madagaska na Ethiopia hali ni nyingine kabisa: majike wa huko wana mkia, na wote wa Madagaska na wengi wa Ethiopia wana sura ya dume.

Katika miaka ya 1950 na 1960, Cyril Clarke na Philip Sheppard waliwazalisha dardanus wa sehemu mbalimbali za Afrika mjini Liverpool, wakichunguza jinsi sura hizo zinavyorithiwa. Clarke alikuwa daktari wa binadamu. Akili aliyoizoesha kwenye urithi wa vipepeo ndiyo iliyomvuta kwenye makundi ya damu ya Rhesus, na kikundi chake kikawa miongoni mwa waliovumbua sindano ya anti-D, ile anayochomwa mama mwenye Rhesus hasi ili mtoto wake wa baadaye asidhurike. Akina mama wa Tanzania wanaoipata sindano hiyo hospitalini wana haki ya kujua kwamba kipepeo wa misitu yao ana sehemu katika historia yake.

Fizikia nayo ina cha kujifunza. Mwaka 2005 watafiti wa Chuo Kikuu cha Exeter, Uingereza, walionyesha kwamba vigamba vya buluu-kijani vya Papilio nireus, ambaye yuko sehemu nyingi za nchi, hunyonya mwanga na kuutoa upya, huku vitundu na vioo vidogo mno vilivyomo ndani ya kigamba vikiuelekeza nje. Wahandisi wa taa za LED walikuwa wakitafuta muundo wa namna hiyohiyo.

Faida ya karibu zaidi ilionekana Amani, Usambara Mashariki, ambako wanavijiji wanaopakana na hifadhi ya msitu iliyotangazwa mwaka 1997 walifundishwa kufuga vipepeo na kuuza pupa kwa nyumba za maonyesho za ng'ambo. Kazi yenyewe ni ya bustani kuliko ya uwindaji: unapanda mti wa chakula, unaufunika kwa chandarua, unamwachia jike atage, unawalisha viwavi. Mama wa kuanzia, na wa kuongeza damu mpya, hutoka msituni, hivyo msitu ukifa na ufugaji umekufa. Katazo la mwaka 2016 la kusafirisha wanyamapori hai nje ya nchi liliwagusa pia wafugaji hawa. Pupa aliyezaliwa kizimbani kutokana na mche uliopandwa na mfugaji alistahili kanuni yake mwenyewe.

Vyuo vikuu vina kazi yao, na haihitaji maabara ya gharama. Kwa kila mlima: sura zipi za jike wa dardanus zipo, kwa uwiano gani, na vipepeo gani wenye sumu wanaruka karibu nao? Viwavi wa spishi za milimani wanakula mti gani, na mti huo umebaki kiasi gani? Nyavu, daftari, kamera ya simu na mwanafunzi mvumilivu vinatosha kuanza. Mahali pa kuanzia ni Amani na Uluguru, ambako Tanga na Morogoro ziko jirani, halafu Ufipa, ambako waliofika ni wachache.