Kuvuka Ruvuma kwa Njia ya Halali

Leo twataka kunena nanyi, watu wa Kitangari na wenzenu wa Newala na Masasi, juu ya safari ya nchi ya kigeni. Hatuneni habari za Uingereza, bali za nchi ile muionayo kwa macho msimamapo Newala penye Shimo la Mungu: Msumbiji, ng'ambo ya mto Ruvuma.

Mto huo ulifanywa mpaka mwaka 1886, Wajerumani na Wareno walipopatana wao kwa wao. Wamakonde hawakuulizwa. Kwa hiyo hata leo mtu ana mjomba wake Mueda na mikorosho yake Kitangari, naye apatapo habari ya msiba ataka kushuka bondeni usiku ule ule, apande mtumbwi, akazike. Twamfahamu sana. Lakini akikutwa ng'ambo bila hati, hapana atakayemwuliza ukoo wake. Aweza kufungwa, au kurudishwa kabla ya mazishi. Tena tangu mwaka 2017, watu wenye silaha waliposhambulia Mocímboa da Praia, mgeni asiye na hati hutazamwa kwa hofu zaidi.

Wengi husema, "Mtanzania hatakiwi viza Msumbiji." Kweli, kwa matembezi mafupi hatakiwi. Ila viza si pasi. Viza ni ruhusa ya mwenye nyumba. Pasi ni ushahidi wa serikali yako kwamba wewe ndiwe. Ruhusa imesamehewa, ushahidi haukusamehewa.

Pasi huombwa Idara ya Uhamiaji. Zile za kielektroniki zilianza mwaka 2018, kwa ada ya shilingi 150,000, nazo hudumu miaka 10. Fedha hiyo si haba kwa mkulima. Yafaa itengwe msimu wa korosho, isingojee msiba. Huulizwa kitambulisho cha taifa, cheti chako cha kuzaliwa, na cha mzazi. Hapo ndipo wengi wakwamapo, maana wazee wengi walizaliwa bila cheti, na wengine walizaliwa ng'ambo. Asiye na cheti na aulize habari ya hati ya kiapo. Mwenye mzazi wa ng'ambo na aseme kweli tangu mwanzo, kwa kuwa neno hilo likifumbuliwa baadaye huwa zito.

Pasi ikipatikana, njia yapita Masasi na Mangaka hata Mtambaswala, penye Daraja la Umoja lililofunguliwa mwaka 2010. Ni mzunguko mrefu, twakiri. Mtumbwi u karibu zaidi. Pasi hupigwa mhuri na afisa wa kwetu, kisha na wa kwao upande wa Negomano. Zitazame siku ulizoandikiwa kabla hujaondoka pale. Matanga yakizidi, nenda ukaombe nyingine kabla za kwanza hazijaisha. Na urudipo usishuke mtoni kwa kuwa nyumbani ni karibu: usipopigiwa mhuri wa kutoka, vitabu vya Msumbiji vitasema kwamba ungali huko.