Usingoje Maji Yakatwe, Njoo na Bili Yako

Maelezo ya afisa wa Idara ya Maji ya Kaunti kwa wakaazi, katika baraza la mtaa kisiwani Lamu

Nimeombwa nizungumze juu ya jambo ambalo wengi hulinong'ona majumbani lakini huona haya kulitaja mbele ya karani: bili ya maji iliyolimbikizana.

Neno langu kubwa ni moja, nalitanguliza ili hata atakayeondoka mapema aende nalo. Deni la maji huzungumzika likiwa bado dogo, na huwa gumu mtu anapojificha nalo. Usingoje fundi aje na spana mlangoni. Chukua bili yako uende ofisini kabla siku ya kukatiwa haijafika.

Kwanza tujue deni hili hutoka wapi. Wengi wetu hapa hatuli mshahara wa mwisho wa mwezi. Mvuvi hupata wakati wa kaskazi, na kusi ikivuma bahari huchafuka, chombo hukaa ufukweni hata wiki nzima. Anayefanya kazi na wageni hupata msimu wa wageni, kisha miezi mingine hukaa kimya. Lakini bili haijui kaskazi wala kusi. Huja kila mwezi. Mtu hukosa mwezi mmoja, wa pili anasema atalipa yote pamoja, na wa tatu akitazama karatasi anaogopa hata kuifungua. Deni hukua hivyo hata kwa watu waaminifu kabisa.

Pili, tujue kwa nini kampuni hudai. Maji yanayotoka kwenye mabomba ya mji wa Lamu chanzo chake ni visima vya Shela. Mvua hunyesha juu ya vilima vya mchanga, huzama polepole, na maji baridi hukaa chini ya ardhi juu ya maji ya chumvi. Kuyavuta na kuyafikisha mjini kunahitaji pampu, umeme, mabomba na mafundi. Kazi hiyo inafanywa na kampuni ya maji ya kaunti, LAWASCO, na gharama zake nyingi hulipwa na hizi bili zetu. Ndugu zetu wa Pate, Siyu na Faza, ambao kwa vizazi wametegemea majabia ya kukusanya mvua, wanajua kwamba maji hayaji bure: jabia lisiposafishwa na kukarabatiwa, hakuna wa kuchota. Kwa hiyo sikuja kuwaambia kwamba madeni yatafutwa. Wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa, nami nakubali. Lakini dawa hunywewa kwa kipimo. Hakuna tabibu anayemnywesha mgonjwa chupa nzima siku moja.

Sasa tuingie kwenye hatua zenyewe.

Hatua ya kwanza: hakikisha deni ni lako na ni sahihi. Chukua bili, nenda kwenye mita. Tarakimu nyeusi kwa kawaida ndizo uniti. Nyekundu ni vipande vya uniti. Uniti moja ni lita 1,000, yaani mitungi 50 ya lita 20. Linganisha nambari ya mita na ile iliyoandikwa kwenye bili. Kama bili inasema mita imefika 640 na wewe unaona 610, piga picha kwa simu, pamoja na nambari ya mita yenyewe, uipeleke ofisini. Huenda bili ilikadiriwa bila mita kusomwa. Hilo hurekebishwa, lakini lazima mtu aseme.

Hatua ya pili: tafuta maji yanayopotea. Usiku ambao maji yapo kwenye bomba, funga mifereji yote, soma mita, lala. Asubuhi kabla ya mtu yeyote kuchota, isome tena. Ikiwa imesogea, kuna mahali panavuja. Tufanye hesabu. Mfereji unaodondosha matone ya kujaza ndoo ya lita 20 kwa siku hupoteza lita 600 kwa mwezi. Tangi la choo linalovujisha lita 200 kwa siku hupoteza uniti 6 kwa mwezi, na hakuna aliyekunywa wala kuoga. Ukipatana kulipa deni na huku choo kinavuja, utakuwa unajaza pakacha maji. Tengeneza kwanza, au angalau funga valvu ya choo hicho utumie ndoo.

Hatua ya tatu: nenda ofisini na mpango wako mwenyewe. Usiende kusema tu kwamba huna pesa. Nenda ukasema unaweza kulipa kiasi gani, na lini. Beba bili ya karibuni, kitambulisho, risiti au ujumbe wa M-Pesa wa malipo uliyokwisha kufanya, na namba ya simu inayopatikana. Omba kulipa kwa mafungu.

Nitoe mfano wa hesabu. Tuseme unadaiwa shilingi 9,000, na bili yako ya kila mwezi ni kama shilingi 900. Ukiligawa deni kwa miezi 12, ni shilingi 750 kwa mwezi, juu ya bili mpya ya 900, jumla 1,650. Mvuvi huenda asiiweze hiyo wakati wa kusi. Basi aombe hivi: miezi minne ya kusi alipe shilingi 300 za deni, jumla 1,200; miezi minane iliyobaki alipe shilingi 975, jumla 7,800. Ukijumlisha ni 9,000 ile ile. Deni limelipwa lote, ila limefuata upepo. Mpango kama huo karani anaweza kuupeleka kwa mkubwa wake, kwa sababu una hesabu ndani yake.

Na hapa nisisitize: bili mpya ilipwe kila mwezi, hata kama fungu la deni ni dogo. Ukilipa la zamani ukaacha jipya, mwisho wa mwaka utakuwa pale pale.

Hatua ya nne: mapatano yaandikwe. Yaandikwe kiasi cha deni, fungu la kila mwezi, tarehe ya kulipa, na kwamba maji hayatakatwa muda wote unaotimiza ahadi. Muombe ofisa atie sahihi na tarehe, ubaki na nakala. Neno la mdomo ni zuri kati ya jirani na jirani, lakini ofisa huhamishwa, na anayekuja hakuwapo mlipozungumza. Ukiona mwezi huu hutaweza, rudi useme kabla ya tarehe. Anayekuja mapema husikilizwa kuliko anayefuatwa.

Hatua ya tano: lipa mahali panapostahili. Lipa kwa nambari ya Paybill iliyochapishwa kwenye bili, na nambari ya akaunti yako, au ofisini ukapewa risiti. Usimpe mtu yeyote pesa mkononi mlangoni, hata akivaa sare, hata akisema atakusaidia maji yasikatwe. Pesa hiyo haionekani kwenye akaunti yako, na deni litabaki.

Sasa nizungumzie nyumba zetu za mji wa kale, maana zina mambo yake. Nyumba moja, mita moja, na ndani yake familia tatu au nne. Bei ya maji kwa kawaida hupanda kwa ngazi: uniti za mwanzo ni nafuu, na kadiri mnavyotumia zaidi, uniti za juu huwa ghali. Kwa hiyo familia nne kwenye mita moja huweza kufika ngazi ya ghali ingawa kila moja inatumia kidogo. Kaeni pamoja, mjue nani analipa nini, mwandike. Ikiwezekana, ombeni kila familia iwe na mita yake.

Kuna pia akaunti ambazo bado zina jina la babu aliyefariki miaka mingi iliyopita. Warithi mnaotumia maji, nendeni mkabadilishe jina, mkiwa na cheti cha kifo na vitambulisho. Akaunti isiyo na mwenyewe haina wa kuitetea siku kukiwa na kosa kwenye bili. Nanyi wapangaji, kabla ya kuhamia nyumba, ulizeni bili ya mwisho na mpige picha ya mita siku ya kwanza. Usije ukadaiwa maji aliyooga mwingine.

Wengine mtauliza: na asiyekuwa na chochote kabisa? Mjane mwenye watoto, mzee aliye peke yake, mgonjwa? Hawa ndio walionifanya niitikie mwito wa leo, maana nyumba zao zikikatiwa maji, madhara hayaishii kwenye karatasi. Mtoto huanza kubeba mtungi kichochoroni kabla ya shule. Watu hurudi kwenye visima vya zamani vilivyo karibu na mashimo ya vyoo, na tumbo la kuhara huanzia hapo. Wala mtu aliyekatiwa hajaacha kununua maji. Mtungi mmoja ukiuzwa shilingi 10, uniti nzima imemgharimu shilingi 500. Maskini ndiye anayelipa zaidi.

Kwa watu hao, njia ni hizi. Nenda na mzee wa mtaa au mtu wa Nyumba Kumi anayejua hali yako, ili ofisi ipate shahidi, na uombe fungu dogo kabisa na muda mrefu. Mzee wa miaka 70 na zaidi, mlezi wa mayatima, au mwenye ulemavu mkubwa, aulize kwa chifu kuhusu kuandikishwa kwenye Inua Jamii, mpango wa serikali ya kitaifa unaotoa shilingi 2,000 kwa mwezi kwa walioandikishwa. Si pesa za maji, lakini hutosha kumtoa mtu kwenye hofu ya bili. Na kwa sisi Waislamu, tukumbuke kwamba wenye madeni waliolemewa ni miongoni mwa mafungu manane ya watu wanaostahiki zaka. Kamati za misikiti zinaweza kulipa moja kwa moja kwenye akaunti ya maji ya mtu, kwa Paybill, bila jina lake kutangazwa. Na kijana uliye Mombasa au Uarabuni, ukimtumia mama pesa, unaweza pia kulipa bili yake ukiwa huko huko, maadamu unayo nambari ya akaunti.

Haki zenu nazo mzijue. Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inasema kila mtu ana haki ya maji safi na salama ya kutosha. Haimaanishi maji ya bure. Inamaanisha kwamba mtu hapaswi kuchukuliwa kama asiyestahili maji kwa kuwa amekwama. Kifungu cha 47 kinataka ofisi ya umma ikutendee kwa haki na kwa utaratibu, na ikupe sababu kwa maandishi uamuzi wake unapokuumiza. Kwa hiyo una haki ya kuuliza: deni hili limetokana na miezi ipi? Mita ilisomwa lini?

Kama hamkuelewana, andika malalamiko kwa kampuni, ubaki na nakala iliyogongwa muhuri. Usipojibiwa, au usiporidhika, peleka kwa WASREB, bodi inayosimamia kampuni za maji nchini na kuidhinisha bei zao. Tume ya Haki ya Utawala hupokea malalamiko dhidi ya ofisi za umma bila malipo. Na Sheria ya Maji ya 2016 imeweka baraza maalum la kuamua mizozo ya maji. Lakini wakati wa mzozo, endelea kulipa ile sehemu usiyoibishia. Itaonyesha kwamba unabishia hesabu tu, na kwamba hukatai kulipa.

Jambo moja nawasihi msifanye: kujiunganishia maji usiku baada ya kukatwa. Ni kosa kisheria, linaweza kukupeleka mahakamani, na bomba lililotobolewa ovyo huingiza uchafu kwenye maji ya mtaa mzima. Mtu aliyekuwa na deni tu, sasa ana deni na kesi.

Nimalize kwa ombi. Kila mmoja hapa anamjua mtu ambaye bili zake ziko chini ya godoro. Mwambieni maneno haya kwa upole. Kama ni mzee, msindikizeni. Kama haoni vizuri, msomeeni mita. Kama anaona haya, kaeni naye kwenye benchi mpaka aitwe. Kudaiwa si aibu, na kuuliza si ujinga.

Sasa leteni maswali, na mwenye bili mfukoni aitoe tuitazame pamoja.