Amri za Mungu kama Malezi ya Baba: Mafundisho ya Kikristo katika Mwambao wa Ziwa Victoria

Mada hii, inayowasilishwa Kigongo, inahusu swali ambalo madarasa ya ubatizo na ya kipaimara hukutana nalo mara kwa mara: kwa nini Mungu anayehubiriwa kuwa upendo huonekana kwa waumini wengi, kwanza kabisa, kama mtoa makatazo? Jibu linalotetewa hapa ni kwamba kasoro haimo katika amri zenyewe bali katika mpangilio wa kuzifundisha, kwa sababu amri zikitangulia na ubaba ukafuata nyuma, mwanafunzi humwogopa hakimu kabla hajamjua mzazi.

Mpangilio wa Biblia ni mwingine. Katika Kutoka 4:22, kabla ya safari ya jangwani kuanza, Israeli anaitwa mzaliwa wa kwanza wa Mungu. Sura ya 20 nayo haifungui Amri Kumi kwa katazo, bali kwa Mungu kujitambulisha kuwa ndiye aliyewatoa watu hao utumwani Misri, hivyo sheria iliwafikia watu waliokwisha kufanywa wana. Kumbukumbu la Torati 6:20-25 inakwenda mbali zaidi, kwani mtoto akiuliza maana ya maagizo hayo, mzazi anaagizwa kuanza na habari ya ukombozi, na sheria inaelezwa kuwa ilitolewa kwa faida ya wale walioipokea. Huo ndio msingi wa agano, yaani kifungo cha uaminifu ambacho Mungu alikianzisha mwenyewe, na ambacho utii ni itikio lake, wala si bei yake.

Makatekisimu ya Waprotestanti hayakuafikiana katika jambo hili. Katekisimu Ndogo ya Luther ya mwaka 1529 huanza na Amri Kumi, ili mtu aone upungufu wake kabla ya kuelekezwa kwa Kristo, ilhali Katekisimu ya Heidelberg ya mwaka 1563 huziweka katika sehemu ya tatu, inayohusu shukrani. Kila njia ina hoja yake, ingawa ile ya pili ndiyo inayodhihirisha vyema zaidi sura ya Baba.

Historia ya eneo hili inaonyesha uzito wa suala hilo. Wamisionari wa Afrika, waliojulikana kama White Fathers, walianzisha misheni ya Bukumbi mwaka 1883, katika wilaya ambayo leo ni Misungwi, na utaratibu wa mwanzilishi wao, Kadinali Lavigerie, ulidai miaka minne ya maandalizi kabla ya ubatizo. Subira hiyo ilikuwa ya busara, kwa kuwa ilizuia ubatizo wa pupa. Lakini kwa Wasukuma wengi, katika misheni za madhehebu mbalimbali, Ukristo ulisikika kama orodha ya mambo ya kuacha, yaani wake wengi, matambiko, pengine hata ngoma. Padre David Clement alipoijenga misheni ya Bujora katika miaka ya 1950, akaziingiza sanaa za Kisukuma kanisani na ngoma za vyama vya Bagika na Bagalu katika sherehe za Bulabo, yaani sikukuu ya Ekaristi, alidhihirisha kwamba baadhi ya yaliyokataliwa hayakuwa amri ya Mungu hata kidogo. Mwalimu wa dini anayechanganya amri ya Baba na mazoea ya wageni humsingizia Baba ukali usio wake.

Mfano wa ziwani unasaidia kuonyesha jinsi amri ya kweli inavyolinda, japo una mpaka. Mnamo tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilizama karibu na kisiwa cha Ukara kikiwa kimezidisha abiria, na zaidi ya watu 200 wakafa. Kikomo cha abiria, ambacho siku ya gulio huonekana kama usumbufu, kilikuwa kimewekwa kulinda uhai. Amri nazo hulinda: ile ya kutozini huilinda nyumba, ile ya kutoiba hulilinda jasho la mvuvi. Hata hivyo, mwenye kuweka kikomo hicho hahitaji kumpenda abiria, wala hateseki moyoni kila kanuni inapovunjwa. Hosea 11 inamwonyesha Mungu aliyemfundisha mtoto kutembea, akaasiwa, kisha akashindwa kumtupa kwa kuwa huruma yake imewaka. Hapo sheria haitenganishwi na moyo wa aliyeitoa.

Pingamizi zito dhidi ya kumwita Mungu Baba ni kwamba wapo watoto wanaomjua baba kwa kiboko na ulevi, na kwao neno “baba” halifariji. Waefeso 3:14-15 inasema kila ubaba hupata jina lake kwa Mungu, maana yake baba wa duniani ndiye anayepimwa kwa Mungu, wala si Mungu kwa baba huyo. Waefeso 6:4 inawawekea mipaka akina baba wenyewe.

Mtihani wa mafundisho haya uko katika nidhamu ya kanisa, yaani utaratibu wa kumtenga kwa muda muumini aliyeanguka. Mathayo 18 huitaja mara baada ya mfano wa kondoo aliyepotea, na Waebrania 12 huiita marudi ya wana. Binti aliyepata mimba akikalishwa kiti cha nyuma, huku aliyempa mimba akiendelea kuimba kwaya, hayo si marudi ya Baba. Paulo, katika 2 Wakorintho 2:6-8, aliona kwamba adhabu aliyokwisha kupewa mtu inatosha, akaliagiza kanisa limsamehe na kumfariji, asije akamezwa na huzuni; kwa hiyo mabaraza ya wazee yanayoandika tarehe ya kumtenga mtu yanapaswa, katika kikao hichohicho, kuandika ni nani atakayemtembelea na ni lini atarudishwa kwenye Meza ya Bwana.