Harusi Ufukweni: Tuulize Kwanza Saa ya Maji

Ndugu zetu wa Arusha, Ziwa Duluti tulilolizoea halitoki mahali pake, bahari sivyo. Huko Paje na Jambiani, Unguja, maji yakipwa hurudi nyuma mbali sana, na pale palipopigwa picha ya tangazo husalia mchanga na mwani. Siku za bamvua, mwezi ukiwa mwandamo au mpevu, hali huzidi. Kwa hiyo, kabla ya kupeleka fedha za michango, tumwulize mwenye hoteli: siku ya harusi maji yatajaa saa ngapi? Na mvua za masika zikitukuta, wageni watahamia wapi, kwa malipo gani? Majibu yaandikwe katika mkataba, pamoja na kiasi cha malipo ya awali kitakachorejeshwa tukiahirisha. Ahadi ya simu tusiipokee. Fedha hizo wamechanga majirani, na kamati itaulizwa.